Sanduku la Maoni Halitoshi

Kamwene! Wa nyuma hawajaitika, labda baridi bado haijawatoka. Kamwene! Haya.

Wengi mmeshanisikia nikililalamikia sanduku la maoni la kliniki zetu za afya ya akili, na leo nalalamika tena. Sanduku lenyewe silipingi. Napinga kulitundika karibu na dirisha la dawa, mbele ya macho ya muuguzi yule yule unayetaka kumsema, halafu robo mwaka ikiisha tunaandika kwenye ripoti: "Hakuna malalamiko." Nani atumbukize karatasi pale, na mwezi ujao arudi kuomba dawa kwa mtu huyo huyo? Thubutu!

Kuna fundi cherehani mmoja, kituo chake sikitaji, aliacha kuja kliniki. Kwenye rejista wakamwandika kwa wino mwekundu: mtoro. Ikaishia hapo. Siku moja mhudumu wa afya ngazi ya jamii akakutana na dada yake bombani, akamuuliza tu, "Mbona kaka hatumwoni siku hizi?" Dada akamwaga yote. Haloperidoli, dawa yake ya akili, ilimsaidia kweli, zile sauti alizokuwa akizisikia kichwani zilikoma, lakini mikono ikaanza kutetemeka na shingo ikakakamaa. Uzi hauingii kwenye tundu la sindano. Wateja wakahamishia vitambaa vyao kwa fundi jirani. Na kwenye huduma ya kutwa, ambako mtu anakuja asubuhi, anafanya kazi za mikono, anazungumza na wenzake, anakula, jioni anarudi kwao, walimpa milulu asuke kikapu. Fundi cherehani, mikono inatetemeka, asuke kikapu! Mimi mzaliwa wa Kilolo, hapa hapa Iringa kwenye vikapu vya milulu, na ukinipa milulu tutaaibishana.

Kutetemeka kule si kitu kigeni. Daktari anapunguza dozi, au anaongeza benzheksoli, dawa ya kutuliza mtetemeko, au anabadilisha dawa. Lakini atajuaje, ikiwa swali ni "Unaendeleaje?", jibu ni "Salama tu", na foleni imefika nje? Basi dozi ikapunguzwa, kikundi cha huduma ya kutwa kikaazima cherehani, jamaa akarudi. Sasa anafundisha wenzake kukata suruali, na kwa ukali hakuna muuguzi anayemfikia.

Najua yupo anayejisemea moyoni: mgonjwa wa akili atatoa maoni gani ya maana? Ndugu yangu, mpunje shilingi mia ya chenji uone kama atanyamaza. Siku asipokuwa sawa, ndugu zake wapo, waulizeni. Na maneno yake ya siku hiyo pia msiyatupe. Yupo aliyesema maharage ya kituo yana mchanga, wakasema anaweweseka. Niliyaonja. Mchanga ulikuwemo.

Mwingine atasema fedha hakuna. Kuuliza kunagharimu nini? Mtu akikatisha dawa hapa, akazidiwa, ndugu wanachanga wakodi gari hadi hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, zaidi ya kilomita 250. Hospitali ile inapokea wagonjwa tangu miaka ya 1920, kazi inayo ya kutosha bila sisi kuiongezea wa kwetu tulioshindwa hata kuwasikiliza.

Halafu kamati za usimamizi wa vituo. Wajumbe kutoka kwa wananchi wamo. Nani hapa amewahi kuona mjumbe anayemeza dawa za akili na watu wanajua hivyo? Mnacheka. Mpeni kiti. Na majibu yasomwe kwenye mkutano wa mtaa: mlisema hili, tumelifanya, lile limekwama kwa sababu hii. Mtu asipojibiwa mara mbili, ya tatu hasemi.

Nilikuwa na la nauli, na la kina mama wanaokuja na watoto wachanga, lakini Mheshimiwa diwani anaangalia saa. La mwisho, kwa kata zenye mnada: acheni kuweka kliniki siku ya mnada, jamani, watu wana viazi vya kuuza. Haya, maswali. Tuanze na mama wa kule mlangoni, ameinua mkono tangu nilipotaja mchanga.