Kinachofelisha Gari la Zamani kwenye Ukaguzi

Ndugu wamiliki wa magari, madereva na mafundi, karibuni.

Tuchukue gari ambalo wengi wetu tunalo: gari dogo lililoingia nchini kutoka Japani likiwa limeshatumika, lina miaka 15 au zaidi, injini inaunguruma vizuri na rangi bado inang'aa. Mwenyewe analipeleka kwenye ukaguzi bila wasiwasi, linarudi na orodha ndefu ya kasoro. Mkaguzi hajali sana utamu wa injini. Anataka kujua kama gari linasimama, linakata kona bila kuyumba, na linaonekana usiku. Sehemu nyingi zinazofanya kazi hizo zina mpira ndani yake, na mpira huzeeka hata gari likilala uani.

Tuanze na breki, maana hapo hakuna msamaha. Kwenye mashine ya roli, yaani mitungi inayozungusha magurudumu na kupima nguvu ya breki, kila gurudumu hupimwa peke yake, kisha nguvu za kushoto na kulia zinalinganishwa. MOT, ukaguzi wa lazima wa magari wa Uingereza, kwa mfano, hufelisha gari ambalo gurudumu moja lina chini ya asilimia 70 ya nguvu ya mwenzake. Dereva anaweza asijue. Huhisi tu gari linavuta upande mmoja akikanyaga breki ghafla. Mara nyingi chanzo ni pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, zilizokauka grisi na kushika kutu. Kalipa isipoteleza, pedi ya ndani inaliwa peke yake, ya nje inabaki nene. Kwa hiyo msiridhike na pedi ya nje kwa kuwa ndiyo inayoonekana kirahisi. Chungulieni ya ndani. Ikiwa chini ya milimita 3, badilisheni za pande zote mbili. Pini zitolewe, zisuguliwe, zipakwe grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha raba zake, na tatizo linarudi.

Mafuta ya breki nayo yanasahaulika mno. Hufyonza unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishafyonza maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Mkishuka milima mikali kama Kitonga au Sekenke kule Tanzania na mafuta ya namna hiyo, yakichemka pedali inazama hadi chini. Badilisheni kila baada ya miaka 2.

Sasa miguu ya mbele. Piga jeki, weka stendi, gurudumu lining'inie. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, beringi imekwisha. Ukibaki, tazama bolijointi, kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake. Kisha lishike kushoto na kulia: likicheza hivyo, weka kidole kwenye tairodi endi, kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani, wakati mwenzako anatikisa, utausikia mgongano mkononi. Mpira wa draivu shafti (shafti inayozungusha gurudumu) uliopasuka hujitangaza wenyewe kwa grisi iliyorukia upande wa ndani wa rimu. Ukiuwahi, unabadilisha mpira na grisi tu; ukichelewa, mchanga unaingia na shafti nzima inaanza kugonga kwenye kona.

Bushi za kontroli amu, yaani mipira ya mikono inayoshika magurudumu, zina kosa moja la gereji linaloniudhi kweli. Fundi anafunga bushi mpya na kukaza bolti kabisa gari likiwa bado juu ya jeki. Likishushwa, mpira wa bushi unajisokota na kubaki hivyo siku zote, unachanika mapema, na mwenye gari anaambiwa spea ilikuwa feki. Bolti hizo zikazwe mara ya mwisho uzito wote wa gari ukiwa chini.

Taa sitazikalia sana. Kioo cha plastiki kilichopauka kwa jua kisuguliwe kwa msasa wa maji, namba 800, 1500, 2000 hadi 3000, kisha polishi, kisha rangi angavu inayozuia miale ya jua; bila hiyo ya mwisho kinapauka tena. Ndugu zetu wa Burundi na Congo, wanaoendesha upande wa kulia wa barabara, wakumbuke kwamba taa za gari la Japani hutupa mwanga wa chini kuelekea kushoto, yaani machoni mwa anayekuja mbele. Na msing'oe balbu ya ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga) au ya eabegi kwenye dashibodi. Mkaguzi anawasha swichi na kusubiri: taa lazima iwake kwanza, halafu izime. Isipowaka kabisa, ameshajua.

Kwenye matairi, vijinundu vilivyo ndani ya mifereji vina kimo cha milimita 1.6, kashata, yaani sehemu ya tairi inayogusa barabara, ikishalingana navyo, tairi limekwisha. Umri usomeni ubavuni: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lenye kashata nzuri lakini nyufa ubavuni halifai.

Mkishabadilisha tairodi, bolijointi au bushi, ndipo mfanye alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu. Wengi huanza nayo kwa kuwa ni rahisi na majibu yanatoka kwenye karatasi, lakini vipimo vya gari lenye viungo vinavyocheza hubadilika kwenye tuta la kwanza, na pesa hiyo mtailipa mara ya pili.