Njia ya Popi kati ya migomba

Mazungumzo na wastaafu na majirani, kihambani, Moshi

Wakubwa zangu, shikamooni. Na ninyi wadogo mlionisalimu pale mlangoni, marahaba. Mwenyekiti, asante kwa kunipa nafasi.

Niliombwa nizungumze juu ya bustani za nyumbani. Nitaizungumzia bustani, ila ya kwangu huwezi kuipita bila kumkuta Popi amelala mahali. Popi ni mbwa wa kienyeji, dume, rangi ya udongo, na sasa ana miaka 13. Marehemu mume wangu alimleta akiwa ndani ya kikapu cha sokoni, siku ya mvua kubwa ya masika, amelowa mpaka mkia. Leo macho yameingia ukungu, masikio yamezibika, na miguu ya nyuma inatetemeka akijaribu kusimama. Kazi ya ulinzi imemshinda.

Kwetu mbwa huwekwa kwa ajili ya lindo. Siku akishindwa kubweka, watu huanza kuhesabu chakula anachokula. Mtu mmoja, tena ananipenda kweli, aliniambia: "Mwalimu, huyo mpe kitu alale, kitoto kingine nitakutafutia mimi." Siku ile nilinyamaza. Jibu langu ni hili la leo: huyu amekula ujana wake kwetu, na uzee wake aumalizie kwetu, na sisi wenye nyumba tuna kazi ya kufanya ili auweze.

Sasa nianze na kihamba chenyewe, shamba letu hili la kuzunguka nyumba. Mnakijua kilivyopangwa: miringaringa na miparachichi juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi penye unyevu karibu na mfereji. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, kupitia Shimbwe Juu pale Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Nilifurahi sana. Katika maelezo ya namna hiyo huhesabiwa miti, ng'ombe wa zizini, mbuzi, mifereji. Mbwa sijamwona akitajwa. Na njia za kihamba changu nani aliyezichora? Siyo mimi. Ni Popi, kwa miguu yake, tangu alipokuwa mtoto: anatoka mlango wa jikoni, anapita tangi la maji, anafuata mstari wa kahawa mpaka kwenye masale, ile mimea tunayopanda mpakani, ananusa, anarudi kwa upande wa migomba. Asubuhi na jioni. Udongo umeshindiliwa pale mpaka majani hayaoti, nami nikazoea kupita humo humo na ndoo yangu.

Mwaka jana nilihamisha kuni na kuliegesha toroli penye ile njia. Jioni Popi akaja kwa mwendo wake wa kila siku, akagonga kichwa kwenye chuma, akasimama palepale. Hakulia. Alisimama tu anatetemeka mpaka nikaja kumshika shingo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haoni tena njia, anaikumbuka. Nilikuwa nimemvunjia kumbukumbu.

Tangu siku ile nimeipanga bustani upya kwa ajili yake. Toroli lina mahali pamoja, halihami. Kwenye kona mbili za njia nimepanda kivumbasi, na penye kizingiti cha jikoni rozmari, kwa sababu pua ndiyo ya mwisho kumwacha. Akiguswa na kivumbasi ubavuni, harufu inatoka, anajua sasa ageuke. Pale penye ngazi ya mawe ya tuta nimejaza udongo na kokoto pakawa mteremko, maana kuruka hawezi. Na kuna shina moja la mgomba limenisumbua sana. Wote tunajua utaratibu: katika shina unaacha mama, mtoto na mjukuu, mengine unang'oa. Mjukuu wa shina lile aliota katikati ya njia. Alikuwa mzuri, mnene, na mimi ni mkulima, iliniuma. Nilimng'oa.

Kuhusu macho niseme jambo, kwa kuwa wengi wanaogopa. Ukungu wa samawati au kijivu kwenye jicho la mbwa mzee mara nyingi ni kioo cha jicho kinachokomaa kwa umri, na mbwa huendelea kuona kiasi. Mtoto wa jicho ni mweupe zaidi, na huo ndio unaoziba kabisa. Daktari wa mifugo anatofautisha kwa tochi tu. Popi ana vyote viwili, jicho la kulia ndilo baya.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ndiyo adui yake mkubwa. Viungo vinakaza. Asubuhi anahitaji dakika kadhaa kabla ya kunyooka, nami nimejifunza kumsubiri, simvuti. Kitanda chake ni mbao zilizoinuliwa kidogo kutoka chini, juu yake gunia lililojazwa majani makavu ya mgomba. Majani yale nayabadilisha kila wiki na gunia nalianika juani, viroboto wasipate makao. Na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa tulio na vidonge vya maumivu kabatini: usimpe mbwa diclofenac yako, wala ibuprofen, wala panadol. Vinaweza kumtoboa tumbo, vikaua figo au ini. Zipo dawa za viungo za mbwa, na kipimo anatoa daktari.

Figo zenyewe ziangalieni kupitia bakuli la maji. Mbwa mzee akianza kunywa maji mengi kuliko zamani na kukojoa ovyo, msimpige kwa kuchafua sakafu. Mpelekeni akapimwe. Inaweza kuwa figo, inaweza kuwa kisukari.

Bustani nayo ina hatari zake. Sumu ya konokono ile ya punje ina ladha inayowavuta mbwa, na inaua kwa mtukutiko. Mimi konokono nawaokota jioni kwa mkono, na kuzunguka miche ya mchicha na mnafu namwaga majivu. Mvua ikinyesha namwaga tena, ni kazi, lakini naifanya. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, kwa hiyo mbwa anaweza kuonekana mzima siku mbili tatu, kisha anavuja damu ndani. Mbarika niliung'oa wote, mbegu zake ni sumu kali kwa mbwa na kwa wajukuu pia. Vitunguu msimwekee kwenye makombo, vinaharibu chembe nyekundu za damu. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Na kinyesi cha mbwa kisiingie kwenye mbolea ya mboga kwa sababu ya minyoo, nacho nimekichimbia shimo lake mbali na mfereji.

Desemba nyumba inajaa. Watoto wanapanda kutoka Dar, wajukuu wanakimbia kila upande. Mbwa asiyesikia akiguswa usingizini anashtuka, na akishtuka anaweza kung'ata hata mtu anayempenda. Wajukuu nimewafundisha: kabla hujamfikia, kanyaga ardhi kwa nguvu mara mbili, asikie mtikisiko kwa mwili wake, ainue kichwa, ndipo umpe mkono anuse. Mdogo kabisa, wa miaka minne, ndiye anayelifuata kuliko wote. Anakanyaga, anasubiri, anasema, "Babu Popi, ni mimi."

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina ustaafu. Wapo wanaosema huyu mzee hatoki tena nyumbani, ya nini? Lakini mbwa wa njiani anaingia kihambani, sisi hatuna kuta, tuna masale. Kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki mwaka 1895 Louis Pasteur, mwanasayansi aliyetengeneza chanjo ya ugonjwa huu, dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, na mimi huitumia tarehe hiyo kufungua daftari la Popi nione chanjo inaisha lini. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza hakuna tiba.

Lililobaki ni zito, nalo nimeahidi kulisema. Bwana mifugo amenieleza kwamba itafika siku maumivu yatakuwa makubwa kuliko raha, na kwamba ipo sindano ya kumlaza bila mateso. Hilo si sawa na sumu ndani ya nyama, na yule ndugu aliyenishauri naomba alisikie hilo. Natazama mambo matatu: anakula, anainuka mwenyewe kwenda haja, na anatikisa mkia nikimkaribia. Wiki iliyopita aliinuka kwa shida siku mbili, ya tatu akaenda mwenyewe mpaka kwenye masale na kurudi. Kwa hiyo bado. Mahali pake pia nimepachagua. Si kule juu walikolala wazee wetu, najua mila, na sitaki kumkwaza mtu. Ni upande wa chini, penye mnafu, mwisho wa njia yake.

Kivumbasi kikichanua nakikata nusu ili kiendelee kutoa majani mapya yenye harufu. Mkitaka vipandikizi njooni mchukue. Njooni kwa kupitia jikoni, na mkanyage kwa nguvu.

Mwenyekiti, nina nafasi ya maswali mawili tu. Saa kumi na moja anaanza safari yake ya jioni, na sasa huwa natembea mbele yake.