Kumtoa Mbwa Nje ya Geti na Kumrudisha Salama

Karibuni, ndugu watazamaji. Ninazungumza nanyi nikiwa Bukoto, mjini Kampala, mbele ya geti la nyumbani kwangu, na huyu aliyelala miguuni pangu ni Simba, mbwa dume wa kienyeji mwenye damu kidogo ya German Shepherd, umri wake miaka minne na uzito wake kilo 28. Kwenye geti, kama mnavyoona, pameandikwa "Mbwa Kali". Walimu wa Kiswahili waniwie radhi, kwa maana ninajua ilipasa kuwa "Mbwa Mkali", lakini fundi wa rangi aliandika kama anavyoandika katika mageti yote ya mji huu, nami nikamlipa. Kibao hicho humwonya anayetaka kuingia. Hakimsaidii hata kidogo mama anayepita na beseni la ndizi kichwani wakati mbwa wangu yuko nje, na leo tutashughulika na huko nje.

Kabla ya kugusa kamba, naomba tuelewane juu ya jambo moja. Katika nyumba nyingi zetu, mbwa wa ulinzi hufungiwa bandani mchana kutwa, hufunguliwa usiku ili azunguke uani, na alfajiri askari humfungulia geti akajisaidie barabarani peke yake. Mbwa aliyelelewa hivyo anaijua barabara ya gizani tu. Hajazoea mtoto wa shule anayekimbia na begi linalorukaruka mgongoni, wala bodaboda iliyobeba magodoro matatu, wala mzee mwenye mwavuli. Siku utakapomtoa saa nne asubuhi, kila kimojawapo kitakuwa kwake adui au windo, na hakuna kamba itakayomtuliza. Kwa hiyo kazi tunayoanza ni ya wiki kadhaa, na sehemu yake kubwa hufanyika ndani ya ua.

Hatua ya kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa, na hapa sitakawia. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza, na kadi yake huwekwa mahali ambapo hata msaidizi wa nyumbani anaweza kuipata. Kwa anayesahau tarehe, Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mimi huitumia kuikagua kadi. Mbwa asiye na chanjo asitoke, hata kwa dakika tano.

Hatua ya pili ni vifaa. Kamera isogee karibu na shingo ya Simba, tafadhali. Mkanda wa shingoni ukazwe kiasi cha kuruhusu vidole viwili vilivyolala bapa kupita chini yake, lakini vikipandana kimoja juu ya kingine visipite. Tazameni: ninaingiza kidole cha shahada na cha kati vikiwa bapa, vinapita kwa kubanwa kidogo, sasa ninajaribu kuuvuta mkanda kuelekea masikioni, nao unakataa. Kipimo hiki nilijifunza kwa gharama. Mwaka juzi mkanda wake ulikuwa umelegea, tukafika mbele ya kibanda cha roleksi, ile chapati inayokunjwa na mayai, Simba akarudi kinyumenyume na kuinamisha kichwa, mkanda ukabaki mkononi mwangu naye akabaki na mayai ya watu. Nililipa trei nzima. Mbwa mwenye shingo nene na kichwa chembamba afadhali avae mkanda wa kifuani, hasa ule wenye pete mbele ya kifua, kwa sababu akivuta, pete hiyo humgeuza upande badala ya kumpa nguvu ya kuvuta zaidi.

Kamba iwe ya mita moja na nusu hadi mbili, ya nailoni au ya ngozi. Mnyororo wa chuma sikushauri, maana huumiza kiganja na mlio wake humtia mbwa wasiwasi. Zile kamba za kujikunja zenye kasha la plastiki ni nzuri uwanjani, lakini kando ya barabara humwachia mbwa nafasi ya kufika katikati ya lami kabla hujabonyeza kitufe. Sasa utazame mkono wangu: kitanzi cha kamba ninakipitisha kwenye kidole gumba, ninafumba ngumi juu yake, na mkono wa pili unashika kamba chini kidogo kwa kulegea. Sijaizungusha kamba kwenye kiganja wala kwenye kifundo cha mkono. Mbwa wa kilo 28 akiruka ghafla, kamba iliyozungushwa inaweza kuvunja vidole au kukuangusha mtaroni, na mitaro ya Kampala tunaijua.

Hatua ya tatu ni maneno. Katika nyumba yangu askari alikuwa akimwita Simba kwa kusema "jjangu", yaani "njoo" kwa Kiganda, watoto walimwita kwa Kiingereza, nami nikimwita kwa Kiswahili, kisha sote tulimlaumu mbwa kwa ukaidi. Tulikaa kikao cha familia, tukakubaliana maneno manne tu: "tazama", "njoo", "kaa" na "acha". Lugha yoyote inafaa, mradi iwe moja na itumiwe na kila mtu. Anza ndani ya ua, saa ambayo mbwa hajala. Chukua mukene waliokaushwa, wale dagaa wadogo wa ziwani, kiasi cha ngumi moja, na uwakate vipande. Taja jina lake, kisha sema "tazama". Mara tu macho yake yanapokutana na yako, mpe kipande papo hapo, kabla hajafanya jambo jingine, kwa sababu mbwa huunganisha tuzo na kile alichokifanya sekunde ileile. Ukichelewa ukapekua mfukoni, utakuwa umemtuza kwa kukunusa suruali. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinatosha.

Sasa tumefika hatua ya nne, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndiyo inayobeba kazi yote. Ninaiita hatua ya umbali. Kila mbwa ana umbali ambao ndani yake, akiona kitu kinachomsisimua, masikio yake huzibika: unaita, unavuta, unafoka, naye hakusikii kabisa. Nje ya umbali huo, kitu kilekile anakiona, anakitambua, lakini jina lake bado linamfikia. Kazi yako ni kuutafuta mstari huo na kusimama nyuma yake. Kwa Simba, bodaboda zilikuwa na mstari wa hatua 40 hivi. Tulianza kwa kusimama uchochoroni, mbali na stegi, yaani kituo cha bodaboda, mahali ambapo aliziona zikipita bila kuzibwekea. Pikipiki ikipita, nilisema "tazama", akinigeukia, mukene. Siku ya nne tulisogea hatua tano mbele. Siku ya sita alibweka, nami sikumkaripia. Nilirudi nyuma hatua kumi, maana kubweka kulikuwa ni taarifa tu kwamba nimeharakisha. Ilichukua wiki tano kufika alipo leo.

Geuza kamera kidogo barabarani. Ile inakuja bodaboda yenye abiria wawili. Angalieni masikio: yamesimama, mdomo umefungwa, uzito umehamia miguu ya mbele. Hizo ndizo dalili za mwanzo, na ndizo za kufanyiwa kazi. "Simba, tazama." Amegeuka. Kipande kimoja. Ukingoja hadi nywele za mgongoni zisimame na mngurumo uanze, umechelewa. Wakati huo usitoe amri yoyote, geuka tu na uondoke naye upande mwingine kwa mwendo wa kawaida.

Hatua ya tano ni kutembea barabarani kwenyewe. Video nyingi za nje humfundisha mbwa atembee kushoto kwa mtu. Mimi sifuati hilo hapa. Uganda magari hupita kushoto, hivyo mtembea kwa miguu mwenye hekima hutembea upande wa kulia ili aone gari linalomjia. Basi barabara inakuwa kushoto kwake, na mbwa akiwa kushoto atakuwa kati ya mtu na magurudumu. Simba hutembea kulia kwangu, upande wa ukuta, nami ninakuwa kati yake na barabara. Pikipiki zinazopita kwenye ukingo wa barabara kinyume na magari zitatukuta tu, ndiyo maana hatua ya nne haikwepeki.

Ukikutana na watu, fupisha kamba kabla hawajakufikia, na uache nafasi ambayo wewe mwenyewe ungeitaka kama ungekuwa unaogopa mbwa. Wengi wanaogopa kwa sababu waliwahi kuumwa, na kauli ile ya "usijali, huyu haumi" haijawahi kumtuliza mtu yeyote. Kwa majirani zetu Waislamu kuna jambo la ziada: kwa wanaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na yakigusa nguo au mwili huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu anayeelekea msikitini Ijumaa akiwa amevaa kanzu safi asilazimike kurudi nyumbani kwa sababu ya pua ya mbwa wako. Vuka barabara, au mkalishe mbwa pembeni hadi apite, na salamu itolewe. Mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye zamani alikuwa akibadilisha njia akituona, siku hizi huniuliza habari za Simba, akiwa mbali vya kutosha.

Mtoto akianza kukimbia kwa hofu, mwambie kwa sauti ya upole asimame, afunge mikono kifuani na atazame chini, anayekimbia hufukuzwa. Kwenye jalala mwangalie vizuri, kwani kuna mifupa ya kuku, na wale kalooli, ndege wakubwa wenye midomo mirefu, hawaogopi mbwa. Ukienda Bustani ya Mimea ya Entebbe, uliza kwanza langoni kama mbwa anaruhusiwa, na ujue kwamba tumbili na mbega wa huko wanaweza kumfanya mbwa aliyefundishwa mwaka mzima asahau jina lake. Mbwa wanaozurura wakikujia, simama kati yao na wako, na uiname kana kwamba unaokota jiwe. Kwa kawaida hilo tu huwafukuza, wala jiwe lenyewe huhitaji. Kinyesi kiokotwe. Geuza kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ndani nje kama glavu, okota, rudisha, funga fundo, na ubebe hadi kwenye pipa badala ya kukitupa mtaroni.

Kamba ikikuponyoka, usimkimbize. Mbwa ana miguu minne na atadhani ni mchezo. Kimbia upande wa pili ukiita jina lake kwa furaha, au chuchumaa na kutikisa mfuko wa mukene. Akirudi, hata kama amekuaibisha mbele ya mtaa mzima, mpe tuzo. Ukimchapa, umemfundisha kwamba kurudi kunaumiza.

Na ikitokea akamuuma mtu, kwanza mfunge mbwa, kisha umhudumie aliyeumwa, na ubishi wa nani alianza usubiri. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, si kwa kukisia. Lisipakwe pilipili, wala majani, wala mafuta. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, ukiwa na kadi ya chanjo ya mbwa mkononi, kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, ilhali chanjo inayotolewa mapema humkinga. Kosa la kawaida mitaani kwetu ni kumuua mbwa palepale na kumzika. Mbwa anayeonekana mzima afungiwe na daktari wa mifugo amchunguze kwa siku 10: virusi vikiwa tayari katika mate yake siku alipouma, ataugua au kufa ndani ya muda huo, na jibu hilo humsaidia daktari wa binadamu. Mwarifu pia mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kwa sababu kama kuna mbwa mgonjwa mtaani, hatakuwa amekutana na mtu mmoja tu.

Tumerudi nyumbani. Hapa ndipo mikono mingi hulegea, maana mbwa amesikia harufu ya chakula na mwenyewe amechoka. Tazameni mpangilio. Simba anakaa nje ya geti. Ninafungua, ninaingia mimi kwanza, yeye bado amekaa. Ninasema "njoo", anaingia. Ninafunga geti na kulisukuma kwa bega kuhakikisha komeo limeshika. Ninapapasa nyuma ya masikio na katikati ya vidole kutafuta kupe. Leo yupo mmoja, ninamng'oa kwa kibano. Sasa, geti likiwa limefungwa, ndipo ninapofungua kamba.