Balozi Aliyerudishwa Granada

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuko Hispania, karne ya 16, na kaka Juma ndiye aliyeng'ang'ania mada hii. Haya, Diego Hurtado de Mendoza ni nani hasa?

JUMA: Asante dada Zuhura. Ni mtoto wa ukoo wa Mendoza, moja ya koo zenye nguvu kabisa za Castilla. Baba yake, Conde wa Tendilla (Conde ni cheo cha kikabaila), ndiye aliyekabidhiwa ngome ya Alhambra baada ya Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu Hispania, kuanguka mwaka 1492. Diego akazaliwa hapo Granada miaka kumi na ushee baadaye, katika mji ambao majirani wengi bado walizungumza Kiarabu. Naye akakisoma, akaongeza Kilatini na Kigiriki.

ZUHURA: Na ndugu zake nao hawakuwa watu wadogo.

JUMA: Hata kidogo. Kaka yake Antonio alikuwa makamu wa mfalme wa kwanza kule Mexico, kuanzia 1535. Dada yao María Pacheco yeye aliongoza uasi wa mji wa Toledo dhidi ya Carlos wa Tano, mfalme yuleyule aliyemtuma Antonio, ambaye pia aliitwa Kaisari, akafia uhamishoni Ureno. Nyumba moja hiyo.

ZUHURA: Diego akachagua upande wa mfalme.

JUMA: Na akapanda haraka. Mwaka 1537 alitumwa Uingereza kwa Henry wa Nane, kushughulikia mipango ya ndoa ambayo haikuzaa kitu. Tuipite hiyo. Mwaka 1539 akawa balozi Venice, na hapo ndipo anaponivutia. Venice ilikuwa mji wa wachapaji vitabu na wa Wagiriki waliokimbia utawala wa Waosmani. Habari za Istanbul zilipita pale kabla hazijafika kwingine. Asubuhi balozi anamwandikia Kaisari juu ya meli za Sultani, jioni anawalipa waandishi wamnakilie vitabu vya Kigiriki. Alituma mtu hadi Mlima Athos, kwenye monasteri, kutafuta miswada.

ZUHURA: Kwa hiyo vitabu havikuwa pambo la sebuleni.

JUMA: Alivisoma! Alipokuwa Trento akimwakilisha Kaisari kwenye Mtaguso, ule mkutano mkuu wa Kanisa, alitafsiri kwa Kihispania kitabu cha umakanika, yaani elimu ya nguvu na mashine, kilichohesabiwa kuwa cha Aristotle. Na hakuwa mtu wa kuogopa wakubwa. Papa Paulo wa Tatu alipokubali Mtaguso uhamishiwe Bologna, Mendoza alisimama mbele yake Roma, Januari 1548, akasoma pingamizi la Kaisari.

ZUHURA: Lakini Siena, kaka Juma. Usiiruke Siena.

JUMA: Siiruki. Alipewa kuusimamia mji ule wa Italia, akaanza kujenga ngome ya kuwadhibiti wenyeji. Walimsihi Kaisari asiruhusu, wakapuuzwa. Julai 1552 wakainuka, wakakifukuza kikosi cha Wahispania. Hapo simtetei. Alijua lugha na falsafa, ila watu wa Siena hakuwasikiliza.

ZUHURA: Mimi nadhani ndiyo maana kitabu chake cha uzeeni, kile cha vita vya Granada, kinanigusa. Tueleze alifikaje Granada tena.

JUMA: Kwa adhabu. Mwaka 1568, akiwa na zaidi ya miaka sitini, aligombana na mtu mwingine wa heshima ndani ya jumba la mfalme Madrid, hadi jambia likatoka. Felipe wa Pili, mwana wa Carlos aliyemrithi, akamfunga, kisha mwaka 1569 akamhamishia Granada. Akakuta vita vimeshawaka.

ZUHURA: Vita vya Wamorisko, yaani kizazi cha Waislamu waliobatizwa, wengi wao kwa kulazimishwa. Amri iliyotangazwa Januari 1567 iliwapa miaka mitatu wajifunze Kihispania. Baada ya hapo Kiarabu ni marufuku, kukisema, kukisoma na kukiandika, hata nyumbani. Mavazi yao marufuku, hamamu zao, yaani mabafu ya umma, marufuku. Krismasi ya 1568 milima ya Alpujarras, karibu na Granada, ikaasi.

JUMA: Na jemadari wa kwanza kupelekwa kule ni mpwa wake Mendoza, Marquis wa Mondéjar. Mzee angeweza kabisa kuandika sifa za ukoo wake. Badala yake, kitabuni anaonyesha maofisa waliovutana, askari walioingia vijijini kwa uchu wa ngawira. Anasema vita vilikuwa vya mashaka kiasi kwamba kuna wakati watu walijiuliza Mungu alitaka kumwadhibu nani, wao au maadui.

ZUHURA: Pale Wamorisko wa mjini wanapotolewa majumbani, Juni 1569, ndipo nilisimama kusoma. Anasema ilikuwa huruma kubwa kwa yeyote aliyewahi kuwaona wakiishi kwa raha kwao. Wengi walifia njiani kwa uchovu, kwa huzuni, kwa njaa. Wengine waliuawa na walewale waliopewa kazi ya kuwalinda, au wakaibiwa, au wakauzwa utumwani.

JUMA: Na anayeandika ni mtoto wa mlinzi wa Alhambra. Maneno hayo hayakutoka kwa adui wa Hispania.

ZUHURA: Mfalme alimsamehe?

JUMA: Alimruhusu kurudi Madrid, akafariki huko mwaka 1575. Maktaba yake ilikwenda kwa Felipe, ikaingizwa El Escorial, jumba lake la kifalme, pamoja na miswada ya Kiarabu. Fikiria: Mmorisko wa kawaida alitakiwa kusalimisha vitabu vyake vya Kiarabu ndani ya siku 30, huku vya Mendoza vikipokelewa ikulu.

ZUHURA: Na hicho kitabu cha vita?

JUMA: Kilizunguka kwa nakala za mkono tu. Kiliwataja watu wakubwa mno, na familia zao zilikuwa bado na nguvu. Kilichapwa mwaka 1627, tena Lisbon. Wakati huo mwandishi alikuwa kaburini miaka 52, na Wamorisko walikuwa wameshafukuzwa Hispania nzima.