Sayansi huria ianzie kwenye jedwali

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa uzamili mliojazana huko nyuma: wanaonijua wanajua nitasema nini. Sayansi huria ni nini sitaeleza. Pendekezo la UNESCO la 2021, kwamba data na matokeo ya utafiti yawe wazi kwa wote, mmeshalisikia semina baada ya semina. Mimi nauliza: nani anamfundisha mtafiti kijana kutunza jedwali lake la data?

Wenye kompyuta, fungueni Excel. Andikeni SEPT2, bonyezeni Enter. Mnaona nini? 2-Sep. SEPT2 lilikuwa jina la jeni, programu imeligeuza tarehe bila hata kuuliza. Badilisheni seli iwe ya maandishi: jina halirudi, zinakuja tarakimu tano zisizomwambia mtu kitu. Sasa fikirieni jeni elfu ishirini kwenye safu hiyo. Nani ataliona?

Mwaka 2016 watafiti watatu wa Australia walipekua mafaili yaliyoambatanishwa na makala za jenomiki, yaani utafiti wa jeni zote za kiumbe. Kati ya makala zenye orodha za jeni kwenye Excel, karibu moja katika kila tano ilikuwa na kosa hili. Makala zilizokwisha kupitiwa na wataalamu! Ilipofika 2020, kamati ya majina ya jeni za binadamu ilikuwa imesalimu amri: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani imekuwa rahisi kubadili majina ya jeni zetu kuliko kumfundisha mtafiti kuiweka safu iwe ya maandishi kabla ya kubandika data. Hilo linanikera hadi leo. Na kosa lilijulikanaje? Mafaili yalikuwa wazi, watu wakayafungua.

Najua kuna anayesema moyoni: tukiweka data wazi, wenye maabara kubwa watatuwahi kuchapisha. Hofu hiyo ina msingi, siibezi. Lakini anayenyang'anywa kirahisi ni yule asiyejua kuchagua leseni wala kuandika maelezo ya data zake. Zenodo, hifadhi ya data ya mtandaoni, inakupa DOI, namba ya kudumu ya kuzitambulisha data zako, yenye jina lako na tarehe, na mafaili unaweza kuyafungia mpaka makala itoke. Taarifa za wagonjwa ni suala jingine, hapa Tanzania zina sheria yake, ile ya 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi. Asiniambie mtu kwamba huria ni kuzimwaga hadharani.

Warsha ya siku mbili, cheti na posho, haifundishi haya. H3ABioNet, mtandao wa Afrika wa bioinfomatiki, yaani uchambuzi wa data za kibayolojia kwa kompyuta, walianza 2016 kozi ya miezi mitatu ya fani hiyo: mihadhara kwa video, madarasa katika nchi mbalimbali za Afrika, na kila darasa na wasaidizi wake wa kukaa na wanafunzi. Hilo tunaliweza.

Mwenyekiti ananionyesha saa; Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya mafaili, naiacha. Wakuu wa idara, ombi langu ni hili: muhula wa kwanza, kabla ya andiko la utafiti, kila mwanafunzi akabidhi jedwali na faili la maelezo, na mwenzake arudie hesabu zote bila kumpigia simu. Akishindwa, kazi irudishwe.