Mina Tayari Tunalo, Jina la Cheti Liwe Lipi?

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tuna barua moja tu, na nadhani itatumalizia muda wote. Msikilizaji wetu anatarajia mtoto wa kike. Jina la kumwitia nyumbani analo tangu zamani, Mina, na amesema wazi kwamba hilo halijadiliwi. Linalomsumbua ni jina la cheti. Mume wake anataka jina refu, lenye uzito, na mwenyewe naye asingependa Mina lionekane limetoka hewani. Wamebakiwa na matatu: Amina, Yasmina na Wilhelmina. Anauliza wachague lipi, na wapime vipi.

BENI: Kwanza nimpongeze, dada. Wazazi wengi huanza na jina kubwa, halafu la kubembelezea linajitokeza lenyewe baadaye. Huyu ameanza na lile ambalo mtoto atalisikia kutwa nzima. Mimi naona ameanzia penyewe.

ZUHURA: Hata mimi. Lakini kabla hatujaingia kwenye hayo matatu, je, lazima liwepo refu? Prince Harry wa Uingereza alipozaliwa mwaka 1984 alipewa majina Henry Charles Albert David, na Harry likawa la kumwitia. Mwaka 2019 naye akapata mtoto wa kiume, akampa jina Archie. Si Archibald. Archie hilohilo ndilo rasmi. Baba na mwana, na tayari mambo yamegeuka.

BENI: Na Jimmy Carter je? Alizaliwa James Earl Carter, lakini Januari 1977 alipoapishwa kuwa rais wa Marekani, aliapa kwa jina la Jimmy. Kwa hiyo jina fupi halimpunguzii mtu heshima, hata kidogo. Anayemkatalia mwanawe jina fupi kwa kuogopa kwamba hataheshimiwa, mimi sikubaliani naye.

ZUHURA: Sasa kama ni hivyo, kwa nini tuwahangaishe hawa na kutafuta refu?

BENI: Kwa ajili ya mtoto mwenyewe, atakapokua. Mwenye Wilhelmina kwenye cheti anaweza kuwa Mina kwa mama yake, Wila kwa rafiki zake, na Wilhelmina kazini. Atachagua. Lakini mwenye Mina peke yake, siku akitaka refu itabidi aape mbele ya wakili, abadilishe kitambulisho, na vyeti vya shule vimkumbushe jina la zamani kila anapoomba kazi. Kufupisha jina huombi ruhusa kwa mtu. Kulirefusha ni makaratasi.

ZUHURA: Hilo limeniingia. Basi tuanze na sauti, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa yatamke hayo matatu polepole. A-MI-na. Yas-MI-na. Wilhel-MI-na. Umesikia? Yote yanapaza sauti palepale pa MI. Ndiyo maana Mina linakaa ndani yake bila kulazimishwa. Ni sawa na Magdalena kutoa Lena, Kristina kutoa Tina, Josefina kutoa Fina, Khadija kutoa Dija. Unachukua kipande ambacho sikio lilikuwa limeshakishika.

BENI: Lakini Rama wa Ramadhani hatoki kwenye mkazo. Wala Sele wa Selemani. Wala wewe, Zuu wa Zuhura.

ZUHURA: Hao wametoka kichwani mwa jina, na mwanzo wa jina nao sikio hulikamata. Ndiyo njia ya pili. Kwa hiyo hata Minerva lingeweza kutoa Mina, kwa sababu linaanza hivyohivyo. Palipo na taabu ni pale unapochukua jina unalolipenda, ukalibandika refu lisilohusiana nalo mwanzo wala mkazo. Utakuwa unaeleza maisha yako yote.

BENI: Waingereza wanayo ya namna hiyo, Peggy kutoka Margaret, Bill kutoka William. Ila hayo yalipitia Meg na Will kwanza, zikabadilishwa herufi za mwanzo kwa kufuatisha vina, na mazoea ya karne nyingi yakayatia nguvu. Mzazi wa leo hana karne za kusubiri.

ZUHURA: Haya, Amina. Mimi hili ndilo langu, nalisema mapema. Ni jina la mama yake Mtume Muhammad. Ni jina la malkia wa Zazzau, upande ambao sasa ni kaskazini mwa Nigeria. Kila mtu anajua kuliandika. Herufi tano, hakuna karani atakayelikosea.

BENI: Ndiyo maana nalihofia. Ni fupi mno kwa kazi wanayoitaka. Fikiria mtoto ameandikishwa Amina. Bibi anamwita Amina, mwalimu anamwita Amina, jirani naye hivyohivyo, kwa sababu halimsumbui mtu mdomoni. Nani atakumbuka kulikata herufi moja aseme Mina? Jina linafupishwa likiwa na cha kufupishwa. Na huyu mama amesema Mina ndilo analolipenda. Akiweka Amina, anaweza kulipoteza bila kujua.

ZUHURA: Litabaki nyumbani, kaka Beni. La nyumbani halihitaji jirani alijue.

BENI: Litabaki kama yeye atashikilia. Halafu mtoto atakuwa anageuka kila sala ikiisha na watu wakaitikia.

ZUHURA: Atazoea, na atapenda. Mimi hilo naliona baraka kabisa. Lakini hoja yako ya kwanza ni nzito, sitaipuuza. Kwa upande wa pili kuna Wilhelmina, na hilo nalo lina yake. Lina historia: Malkia Wilhelmina wa Uholanzi alirithi kiti mwaka 1890 akiwa na miaka kumi tu, akakaa hadi 1948. Uzito anaoutaka mume wake upo. Lakini nani atalitumia? Jina likiwa zito sana, litaishia kwenye cheti na kwenye mahafali. Mtoto atafika darasa la kwanza, mwalimu aite Wilhelmina, naye akae kimya kwa sababu hajawahi kuitwa hivyo.

BENI: Hilo la darasani naomba tulikazie. Jina la cheti lazima mtoto alisikie nyumbani tangu akiwa mdogo. Si lazima kila siku, lakini alijue kuwa ni lake, aweze kulitamka, na akifikia umri wa kuandika aliandike lote. Vinginevyo umempa jina la mtu mwingine.

ZUHURA: Kabisa. Na kuna jambo dogo la urefu. Pasipoti ina ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine. Humo majina yote, la ukoo na ya kwanza, pamoja na alama za kuyatenganisha, yamepewa nafasi 39. Wilhelmina linachukua kumi. Peke yake si tatizo, lakini kama ukoo wenu nao ni mrefu na mnapanga kuongeza jina la bibi wa pande zote mbili, hesabuni kwanza. Lisipotosha, hukatwa.

BENI: Kwa hiyo mimi nabaki na Yasmina. Lina urefu wa kutosha kufupishwa, halina uzito wa kukimbiwa. Likitamkwa kamili linapendeza, likikatwa linatoa Mina bila mtu kuuliza limetoka wapi. Na mtoto akitaka Yasi, lipo.

ZUHURA: Tatizo lake ni tahajia. Kuna Yasmina, Yasmin, Yasmine, Jasmina. Kadi ya kliniki itasema hivi, shule itasema vile, na tiketi ya ndege ikitofautiana na pasipoti kwa herufi moja, mtu anaweza kukwama kwenye kaunta. Wakichagua hilo, waamue tahajia moja, waiandike kwenye simu zao wote wawili, wasimwachie karani aandike anavyosikia.

BENI: Nakubali. Na niongeze kwa wenye watoto wa kiume, maana nao wapo wanaosikiliza: Abdu hukaa vizuri ndani ya Abdallah, Abdulrahman na Abdulkarim, Teo ndani ya Theodori na Teofilo, Manu ndani ya Emanueli. Vipimo ni vilevile.

ZUHURA: Kuna jambo moja sijasema, nalo nataka alipokee kwa moyo mweupe. Mpango wake unaweza kupinduliwa. Yule mchezaji wa Brazil, Kaká, jina lake Ricardo. Mdogo wake alishindwa kulitamka, akawa anasema Kaká, na dunia nzima ikamfuata. Pelé aliitwa Edson, nyumbani wakamwita Dico, na Pelé likatokea kwa watoto wenzake. Wazazi hawakushauriwa.

BENI: Na Lilibet. Malkia Elizabeth alipokuwa mdogo hakuweza kutamka jina lake, akajiita Lilibet, na familia ikalishika. Mwaka 2021 kitukuu chake akapewa Lilibet kuwa jina rasmi. Wazazi wake wakatangaza kwamba wanamwita Lili. La utani limeingia kwenye cheti, nalo likazaa la utani jingine.

ZUHURA: Ndiyo sababu nasisitiza kwamba refu alipende kwa ajili yake lenyewe. Kama Yasmina kwake ni mfuko tu wa kubebea Mina, siku mtoto akikua na kusema sitaki Mina, niiteni Yasmina, ataumia. Ajiulize hivi: jina hili lingebaki peke yake, bado ningempa mwanangu? Akijibu hapana, alifute kwenye orodha hata kama linalingana na Mina kiasi gani.

BENI: Na mume anayetaka refu, ndiye aanze kulitumia sasa, kabla mtoto hajazaliwa. Aliseme pamoja na jina la ukoo, kwa sauti, kama linaitwa ukumbini. Aliseme pia akiwa amechoka. Mama yeye aendelee na Mina. Baada ya wiki kadhaa watajua lipi linatoka mdomoni na lipi limekwama.

ZUHURA: Mimi bado nasema Amina.

BENI: Na mimi Yasmina. Wilhelmina tumwachie mume alitetee, akiweza kulisema kila siku wiki nzima nitamuunga mkono. Mama, ukishajifungua salama tuandikie mmeamua lipi. Na siku ya kuchukua cheti, kisome herufi kwa herufi ukiwa bado pale dirishani, pamoja na jina la baba na tarehe.

ZUHURA: Na jina lako mwenyewe. Hilo nalo hukosewa.