Kwa nini simtembelei binamu yangu Lisbon kila mara

Ndugu watazamaji, nawasalimu kutoka Helsinki. Swali linalorudi chini ya karibu kila video yangu ni hili: ikiwa mimi na binamu yangu sote tuko Ulaya, yeye Lisbon na mimi hapa, kwa nini simtembelei? Najua wapo watakaosema najigamba kwa kuzungumzia ndege, na wapo watakaosema nalalamika ilhali wenzangu wanaitafuta nafasi hii. Hata hivyo nitajibu, kwa sababu maneno kwamba nimewatupa ndugu yamefika mpaka kwa mama yangu, na yamemuumiza.

Kutoka Helsinki hadi Lisbon, kwa njia ya angani iliyonyooka, ni zaidi ya kilomita 3,300. Nairobi na Johannesburg zimeachana kwa takriban kilomita 2,900, na sijasikia mtu wa Nairobi akilaumiwa kwa kutokwenda Johannesburg kusalimia. Ndege ya moja kwa moja huchukua kama saa tano kwenda, kwa kuwa pepo za huko juu huvuma zaidi kutoka magharibi, na kurudi huwa pungufu kidogo. Tiketi ndiyo inayowachanganya wengi: ukiondoka Helsinki saa mbili asubuhi utaona imeandikwa kwamba unafika saa tano asubuhi, ukadhani safari ni ya saa tatu, kumbe saa za Ureno ziko nyuma ya za Ufini kwa saa mbili.

Tiketi za bei nafuu mara nyingi hukupitisha kwenye uwanja mwingine. Ukipitia Frankfurt, umbali hauongezeki sana, kwani mji huo uko karibu na njia yenyewe, lakini ukisubiri ndege ya pili saa mbili au tatu, ukijumlisha treni ya kwenda uwanjani Vantaa na foleni ya ukaguzi, siku nzima imekwisha.

Kisha kuna makaratasi, na hapa ndipo roho yangu inapouma. Nchi zote mbili zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo kwa kawaida hakuna dirisha la uhamiaji kati yake. Lakini sisi wenye pasipoti za kwetu lazima tuwe na kadi halali ya ukaazi. Kadi yangu ilipokwisha muda nikisubiri mpya, niliruhusiwa kuendelea kuishi na kufanya kazi hapa, ila si kwenda Ureno. Binamu alifunga ndoa katika kipindi hicho hicho, nami nikabaki Helsinki nikitazama picha kwenye simu, huku nyumbani nikiitwa mwenye kiburi.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 humpa abiria fidia ya euro 400 kwa safari ya ndani ya Umoja inayozidi kilomita 1,500, akifika amechelewa saa tatu au zaidi, isipokuwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa shirika, kama vile dhoruba. Niliidai fidia hiyo kwa shirika moja, nikaombwa nakala zilezile tena na tena mpaka nikachoka.

Mimi sasa hungoja ndege ya moja kwa moja, hata ikiwa ghali zaidi, na sikati tiketi kabla kadi mpya haijawa mkononi. Huo ni uamuzi wangu kulingana na kazi na kipato changu; mwenye likizo ndefu anaweza kuona tofauti kabisa.